Damu Iliyomsingizia Dobi

Shati lenyewe lilikuwa la mwenyekiti wa mtaa, jeupe, la kuvalia mikutanoni, na dobi aliliunguza mgongoni kwa pasi mpaka likabaki na pembetatu ambayo hata kipofu angeipapasa akajua imetoka wapi. Yeye mwenyewe hakujua. Alijikuta chali chini ya meza ya pasi, ulimi unauma, suruali imelowa, na jirani yake muuza mkaa kapiga magoti akimpepea kwa mfuniko wa sufuria kama mtu anayewasha jiko.

"Nimeanguka?"

"Umeanguka, Haohao."

"Shati je?"

"Wewe umepona. Shati tulizike."

Jina hilo la Haohao alibandikwa na mtaa. Maji yakikatika, alisema ni haohao. Bei ya sabuni ikipanda, haohao. Kuku wa jirani akinya kwenye shuka alizoanika, dobi hakumtazama kuku, alitazama upande wa ofisi za serikali akatikisa kichwa: "Ni haohao tu." Lakini usimcheke bure, alikuwa na donda lake. Mkewe alifia wodini akitafuta pumzi, na mtungi wa hewa ulikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa, mwenye ufunguo yuko semina. Tangu siku hiyo kila mwenye koti jeupe, mwenye muhuri na mwenye kiti cha kuzunguka alikuwa adui yake. Shule aliiacha akiwa bado hajajua kujumlisha vizuri, lakini chuki hiyo aliisomea mpaka akafuzu.

Kifafa alikuwa nacho tangu ujana. Mkewe ndiye aliyekishika mkia. Alitunza dawa kabatini chumbani, ndani ya maboksi yake, akampa kidonge asubuhi na kidonge jioni, na mume akafungua mdomo bila swali kama kifaranga. Miaka ikapita asianguke. Alipobaki mjane, dobi aliapa juu ya kaburi kwamba dawa hataacha, na kweli hakuacha. Hilo tulishike vizuri. Mzee huyu ana kasoro zake, nyingi atazitaja mwenyewe ukimpa kigoda na msikilizaji, lakini dawa alimeza.

Tena alimeza kwa mpango wa kichwa chake, mpango aliojivunia kuliko hata kupiga pasi mikunjo ya suruali. Aliona kabati la chumbani liko mbali, na mtu mwenye pipa la maji ya moto mbele yake husahau. Basi kila alipopewa dawa za mwezi alikaa akavitoa vidonge vyote kwenye vikaratasi vyake vya kung'aa, akavimimina kwenye chupa ya jamu, akaiweka chupa kwenye rafu juu kabisa ya lile pipa analochemshia nguo, hapo anapoiona kutwa. Maboksi akawashia moto. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma, alitoboa mfuniko kwa msumari, tundu kadhaa, ili dawa zipumue.

Huo mwaka wa kwanza wa ujane alianza kuanguka tena. Mara uani, mara mlangoni, na sasa hili la shati la mwenyekiti, pasi ya mkaa ikiwa mkononi.

Binti yake wa pekee alikuja mbio kutoka kwenye cherehani yake, uzi bado umemning'inia shingoni. Alitazama pipa linalotokota, akatazama makaa, akamtazama baba.

"Baba, siku moja utaangukia humo ndani."

"Nikiangukia nitatoka mweupe."

"Mimi sicheki."

Akampeleka kliniki. Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya chini, umri wa binti yake, na kiti chake kilizunguka. Dobi alikiona kile kiti akajua mambo yamekwisha. Daktari alieleza kwamba damu ina uwezo wa kusema dawa imo kiasi gani. Ikiwa chini ya kiwango, kifafa hupita kama mwizi penye ua uliobomoka. Ikizidi, dawa yenyewe inageuka sumu. "Kwa hiyo kesho usimeze asubuhi. Njoo na kidonge chako mkononi, tutoe damu kwanza, halafu umeze hapa."

"Mbona nisimeze kwanza muikute?"

"Tunataka kujua ile ya jana ilibaki kiasi gani, mzee. Ukimeza saa hiyo utatudanganya."

"Mimi ndiye nitawadanganya nyinyi," alisema dobi, akimgeukia binti yake kama anayetafuta shahidi.

Damu ilitolewa, ikapelekwa maabara kubwa, na majibu yaliporudi daktari aliyatazama kwa muda, halafu akamtazama mzee kwa ule upole wanaoutumia kwa watoto na wagonjwa wasio na pesa.

"Mzee wangu, dawa humezi."

"Nameza!"

"Damu inasema imo kidogo sana."

"Basi damu inasema uongo. Au mmechanganya na ya mtu mwingine. Mnashindwa kushika ufunguo wa mlango, mtaweza kushika damu za watu?"

"Baba!" Binti alimfinya.

"Au vidonge vyenu ni chokaa. Haohao mnaoviagiza, haohao mnaotuita waongo."

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, binti alikuwa ameshakata shauri. Alilisema akikunja kitambaa chake na kukikunjua. "Tutapima tena mwezi ujao. Damu ikija hivihivi, unafunga hiyo kazi na unahamia kwangu. Ile nyumba siwezi kukuacha nayo peke yako. Mume wangu amekubali, chumba cha uani kipo."

Dobi aliifikiria nyumba yake. Nyumba ile mkewe aliipaka rangi kwa mkono wake. Ndani ya vyumba vile viwili bado alimsikia akikohoa. Halafu mkwe! Mkwewe alikuwa msimamizi wa bohari, mtu wa kanuni, na nyumba yake ilibandikwa matangazo kama stesheni. ZIMA TAA. VUA VIATU. Chooni kulikuwa na MIMINA MAJI YA KUTOSHA, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, YA KUTOSHA. Dobi aliwahi kulala huko siku moja na hakupata choo mpaka aliporudi kwake. Kuishi maisha yake yaliyobaki chini ya maandishi yale, yeye ambaye amewatukana wakubwa wa nchi nzima, ilikuwa sawa na paka mzee kuhamia nyumba ya mbwa.

"Kamanda wenu ana tangazo la wakwe?" aliuliza.

"Atakuandikia," alijibu binti.

Ndipo ukaanza ukaguzi. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake cha kushonea, binti alipita. Dobi alitoa kidonge kwenye chupa, akakiinua juu kama fundi wa kiinimacho, akakitupa mdomoni, akashushia maji. Kisha binti aliwasha tochi ya simu.

"Fungua. Inua ulimi. Upande huu."

"Unanikagua meno kama punda wa kuuzwa."

"Punda huwa hasemi. Fungua."

Baadaye walikunywa chai. Yeye alilalamika juu ya chai, juu ya sukari, juu ya waziri wa sukari kama yupo, na binti akamsimulia wateja wanaonenepa halafu wanasema fundi kapunguza kitambaa. Akiondoka, dobi alimwambia mkaa na maji kwamba anaonewa. Mzee mzima, mwenye mvi mpaka masikioni, anamulikwa koo na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfunza kuvaa chupi!

Siku ya kipimo cha pili ilipofika alikwenda mwenyewe, shati lake limenyooka kama ubao, kidonge kimo mfukoni. Alimnyoshea muuguzi mkono kabla hajaombwa. "Toa, mwanangu. Toa ya kutosha. Leo ndiyo mtajua nani mwongo."

Majibu yakaja. Dawa ndani ya damu ilikuwa imeshuka zaidi.

Binti ndiye alikuwa wa kwanza kusema, na alisema taratibu. "Daktari, mimi nimemwona akimeza. Kila asubuhi. Kwa macho yangu."

"Na jioni je?"

Binti akamgeukia baba. Ni kweli jioni hakuna aliyemwona isipokuwa marehemu mkewe. Na huyo si shahidi wa mahakama yoyote.

"Nameza na jioni," alisema hatimaye. Hata yeye aliisikia sauti yake ikitoka kama ya mwizi wa kuku.

Daktari hakubishana. Akaongeza dawa maradufu: vidonge vipya, vikubwa, vyenye nguvu mara mbili ya vile vya kwanza, na vile vya zamani viachwe. Binti akayapokea maboksi yale, lakini hakumpa baba. Akayatumbukiza kwenye mkoba wake, akavuta zipu.

"Hizi zinakaa na mimi. Nitakuletea asubuhi na jioni, mkononi kwangu mpaka kinywani kwako."

"Na kuhama?"

"Nimempa mume wangu habari. Anapaka chumba rangi. Mwisho wa mwezi tunabeba vitu."

Dobi alirudi nyumbani akatazama pipa lake, akatazama chupa yake ya jamu kwenye rafu, rafiki yake pekee ambaye hakumwita mwongo, akasema nayo maneno machache yasiyoandikika.

Wiki hiyo vidonge vilitoka mkobani, asubuhi na jioni, na dobi akameza chini ya ulinzi. Kuanguka hakuanguka. Lakini dunia nayo ikaacha kutulia. Kwanza ukuta ulimsogelea. Halafu akaanza kukanyaga chini kama anayetafuta ngazi isiyokuwepo. Aliweka pasi pembeni ya shati badala ya juu yake. Alianika shuka akakosa kamba, shuka likaenda chini kwenye tope, naye akabaki amebana hewa kwa kibanio. Muuza mkaa alimtazama akitoka uani kwa mwendo wa kaa.

"Haohao, na wewe umeanza kunywa? Siku zote ulikuwa unasema pombe ni njama ya serikali!"

Jioni mkwe alikuja kupima kitanda ili ajue kama kitapita mlangoni kwake. Dobi alimwona akiingia na utepe wa kupimia. Halafu akamwona tena akiingia. Walisimama wawili, bega kwa bega, kila mmoja na utepe wake, na wote wawili wakamwamkia.

"Mwanangu," dobi alimnong'oneza binti yake, jasho likimtoka, "mmoja ningemvumilia."

Binti hakucheka. Aliyaona macho ya baba yake yakitetemeka kama maji kwenye ndoo iliyogongwa, na asubuhi iliyofuata akampeleka kliniki kwa gari la kukodi bila kumpa kidonge. Damu ikatolewa tena. Safari hii daktari aliwaombea majibu ya haraka.

Alipowaita ndani hakuwa na upole wa mwezi uliopita. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosea hesabu. "Sasa imezidi. Imezidi mno. Mzee, mwanzo ulikuwa kama mtu asiyemeza kabisa. Sasa una dawa kuliko niliyotarajia. Kuna kitu sikijui. Hizi mpya zimekaa wapi?"

"Mkobani kwangu," alisema binti.

"Na zile za zamani?"

"Kwangu," dobi alisema kwa fahari, akishika kona ya meza isimkimbie. "Mahali pazuri kabisa. Naziona kutwa."

"Ziletwe."

Binti alikwenda na gari lilelile akarudi na chupa ya jamu imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Daktari aliigeuza, akaona tundu za mfuniko, akagusa kioo kwa ndani, kidole kikatoka na unyevu. Akamwita mfamasia. Mfamasia, mwanamume mnene asiyependa maneno, alileta glasi mbili za maji. Katika moja akatumbukiza kidonge kipya kutoka kwenye boksi la stoo, cha aina ileile ya zamani. Katika ya pili akatumbukiza kidonge cha chupa ya jamu. Wote wakainama kutazama, hata muuguzi wa mlangoni.

Kidonge kipya kilivimba, kikatoa vipovu, kikapasuka, kikalegea kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Maji yakawa meupe. Kile cha dobi kilikaa chini ya glasi. Kilikaa tu. Mfamasia alitikisa glasi, kikalia kwenye kioo, ngli, ngli. Alikichokoa kwa kijiko.

"Kokoto," alisema.

"Mzee, chupa hii unaiweka wapi hasa?" aliuliza daktari.

"Juu ya pipa."

"Pipa la nini?"

"La kuchemshia nguo."

Daktari alifumba macho kidogo. "Na hizi tundu?"

Hapo kila mtu akamtazama. Dobi alitafuta nani alitoboa zile tundu. Alipita kichwani mwake ofisi zote anazozijua, mawaziri, wakurugenzi, wenye semina, akawapanga mstari mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na msumari. "Ili zipumue," alisema.

Muuguzi wa mlangoni alitoka nje ghafla, na kicheko chake kilisikika mpaka kwenye benchi.

Daktari alieleza. Dawa ile haitaki unyevu. Ukiivua karatasi yake na kuiweka kwenye mvuke, inagandamana, inakuwa jiwe; unaimeza jiwe, inapita jiwe, na damu haiambulii ila chembe. Kwa hiyo mzee hakusema uongo, alimeza kweli. Na damu nayo haikusema uongo. Kilichokuja kuwa sumu ni hicho kipimo cha maradufu, kilichokaa pakavu mkobani na kufanya kazi yake yote.

"Yaani mwaka mzima nimekuwa nikimeza changarawe," alisema dobi.

"Kwa uaminifu mkubwa," alisema mfamasia, akaondoka na glasi zake.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Dobi akajaribu mara ya mwisho. "Na nyinyi hamkuniambia nisiweke kwenye mvuke!"

"Imeandikwa kwenye boksi, baba," binti alisema.

"Boksi niliwashia moto."

Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amewekewa kioo, akashikiwa na taa. Alikaa akatazama viatu vyake. Ndipo daktari akafanya jambo ambalo dobi hakulitarajia. Alisogeza kile kiti chake cha kuzunguka mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Hata sisi tumekosa, mzee. Ningekuuliza unaziweka wapi kabla sijakuita mwongo. Sikukuuliza. Nikaongeza dawa juu ya jambo nisilolijua, ikakudhuru. Nisamehe."

Tangu mkewe azikwe alikuwa akingoja mwenye koti jeupe yeyote amwambie neno hilo. Alikuwa ameshaandaa na jibu, refu, lenye matusi matatu mazuri. Sasa neno limekuja, na limekuja siku ambayo hakulistahili hata nusu yake. Alipangusa pua kwa mkono wa shati lake lililonyooka.

"Si neno," alisema. "Mwanangu, si neno. Hata mimi nina msumari nyumbani."

Dawa ikasimamishwa kidogo, mkwe wa pili akapotea, dunia ikatulia mahali pake. Kisha akarudishwa kwenye kile kipimo cha zamani, cha wakati wa mkewe, na maboksi yakakaa kabatini chumbani, pakavu. Binti aliendelea kupita asubuhi na jioni mpaka siku ya kupima tena. Majibu yalipokuja daktari alitabasamu kabla hajasema. Kiwango kilikuwa pale kinapotakiwa, si juu wala chini. Alimwomba tu pipa lichemshwe akiwepo mtu wa karibu, na muuza mkaa alikwishakubali.

Walirudi kwa miguu, baba na bintiye. Mlangoni binti alisimama, akampa maboksi yote ya mwezi mzima mkononi.

"Haya baba. Damu imekusemea. Hukuwa mwongo, na mimi nilikudhania. Baki kwako, kwa amani. Chumba kule tutaweka mashine yangu ya pili. Na sitakusumbua tena asubuhi na tochi."

Alilolipigania akalipata. Nyumba ni yake, pipa ni lake, koo ni lake. Alifungua mlango, akaona meza, na juu yake vile vikombe viwili vya chai ya asubuhi ile havijaoshwa. Akageuka.

"Ndiyo kusema umeniamini haraka hivyo?"

"Damu imesema, baba."

"Damu! Kipimo kimoja tu. Hapa kuna mtu aliyetoboa mfuniko ili dawa zipumue, na wewe unamkabidhi boksi zima unaondoka zako? Hebu nikuulize, huo ni usimamizi gani?"

Binti alimtazama. Alipotazama ndani na yeye akaviona vikombe.

"Unataka nije?"

"Mimi? Mimi sitaki mtu. Nakueleza tu udhaifu uko wapi."

"Nitapita siku za kazi," alisema binti, akirekebisha mkoba begani ili asionekane macho. "Lakini maji ya chai uyabandike kabla sijafika, maana nachelewa kufungua."

"Nitayabandika," alisema dobi, haraka mno kwa mtu asiyetaka mgeni.